Kukagua Mazda RX-8 kabla ya kununua: usitoe pesa kabla ya kuona namba sita

Injini ya rota inaweza kunguruma vizuri, ikapanda mizunguko kwa ulaini, ikakufikisha sokoni na kukurudisha, huku sili zake za ndani zikiwa zimebakiza miezi michache tu. Ndiyo sababu ukaguzi wa kawaida wa gari la mtumba haukusaidii hapa. Fundi mzuri wa Toyota atasikiliza injini, atachungulia oili, ataweka mashine ya kusoma hitilafu, kisha atakuambia gari ni zima. Kwa kipimo anachokijua yeye, hajakosea. Tatizo ni kwamba kipimo hicho hakigusi mahali ambapo injini ya rota hufia.

Mwongozo huu ni wa Mazda RX-8, gari lililotengenezwa kati ya 2003 na 2012 na ambalo ndilo la rota linaloonekana zaidi Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam, karibu yote yakiwa yametoka Japani. Injini yake, 13B-MSP maarufu kama Renesis, ina rota mbili za pembetatu, kila moja ikiwa na ujazo wa cc 654, jumla cc 1,308. Haina pistoni, haina valvu, haina mkanda wa taimingi. Kazi yote ya kubana hewa inafanywa na sili nyembamba: sili za ncha kwenye pembe tatu za kila rota, sili za ubavu, na sili za kona zinazoziunganisha. Sili hizo zikilika au kasha la rota likikwaruzika, hakuna cha kusaga wala kurekebisha kwa nje. Injini inatolewa, inafumuliwa, na vipuri vinaagizwa kutoka ng'ambo.

Kila rota ina nyuso tatu, na kila uso ni kama silinda yake yenyewe. Nyuso tatu mara rota mbili ni sita. Hizo ndizo namba unazozitafuta: mgandamizo, au kompresheni kama mafundi wanavyosema, wa kila uso. Mengine yote humu chini ni ya kukusaidia kuamua kama gari linastahili kufikishwa kwenye kipimo hicho, na kama ukishalinunua utatumia kiasi gani zaidi.

Hatua ya 1: Maswali ya simu

Anza kwa kujua ni toleo gani. Yako mawili makuu. Lile la nguvu zaidi, lenye milango sita ya kuingizia hewa, lina giaboksi ya mkono ya gia 6 na mizunguko inayofika 9,000 kwa dakika. La kawaida lina milango minne, gia 5 za mkono au otomatiki ya gia 4, na mwisho wake ni mizunguko kama 7,500. Baadaye ilikuja otomatiki ya gia 6 iliyofungwa kwenye injini ya milango sita. Ukilijua hili mapema hutamlaumu muuzaji kwa gari lisilofika 9,000 ilhali halikuundwa kufika huko. Magari ya soko la Japani yaliyotoka Machi 2008 na kuendelea ni ya awamu ya pili: yana pampu ya umeme ya kudunga oili na pua tatu za oili kwa kila rota badala ya mbili. Bei ikikaribiana, chukua la awamu ya pili.

Kisha uliza haya, na uandike majibu kama yalivyosemwa:

Je, injini imewahi kufumuliwa, lini, na nani, na risiti za sili ziko wapi? Plagi na koili zimebadilishwa lini? Gari limewahi kuchemsha? Linakula oili kiasi gani?

Swali la mwisho ni mtego wa haki. Injini hii imeundwa kula oili: pampu hudunga oili kidogo kidogo ndani ya chumba cha kuchomea ili kulainisha sili za ncha. Mmiliki anayelijua gari lake atakuambia anapima kila akijaza tangi mara moja au mbili, na huongeza lita moja kila baada ya kilomita elfu na kitu au mbili. Anayejisifu kwamba gari lake halili hata tone, ama hapimi kabisa, ama pampu ya kudunga imekufa na sili zinakwaruza kavu. Na ukisikia kwamba mmiliki huchanganya oili ya injini za mipigo miwili kwenye petroli, usishtuke. Kiasi cha mililita 5 kwa kila lita, yaani kama mililita 300 kwa tangi zima, ni desturi ya watu wanaolijali gari.

Kubaliana mambo mawili kabla ya kutoka nyumbani. La kwanza, gari likae usiku kucha bila kuwashwa hadi ufike. La pili, muuzaji aridhie kipimo cha mgandamizo kwa gharama yako. Akikataa la pili, umeshapata jibu na umeokoa nauli.

Kuhusu karatasi kutoka Japani: hati ya mnada hueleza mwili, ndani ya gari, kilomita na kasoro zinazoonekana. Haipimi mgandamizo, wala ukaguzi wa kabla ya kusafirishwa haupimi. Kwa hiyo alama ya 4 au 4.5 kwenye hati hiyo haisemi lolote kuhusu sili. Kenya haipokei tena RX-8 kutoka nje, kwa kuwa kikomo cha miaka 8 kimeshazipita zote. Utakayoipata imeshakaa nchini kwa miaka na imepitia mikono kadhaa. Tanzania bado huruhusu magari ya zamani kwa ushuru wa ziada wa uchakavu, na hapo anayeagiza moja kwa moja ananunua injini asiyoijua. Weka gharama ya kufumua injini kwenye hesabu yako tangu siku ya kuagiza.

Hatua ya 2: Injini ikiwa baridi

Ukifika, gusa kwanza boneti na bomba la rejeta. Pakiwa na joto, gari liliwashwa kabla hujafika, na kuna kitu hutakiwi kukiona. Ahirisha.

Kabla ya kuwasha, chomoa kijiti cha oili. Iwe kati ya alama mbili. Fungua kifuniko cha kujazia oili: ute wa rangi ya maziwa chini ya kifuniko huwatisha wengi, lakini kwenye RX-8 hutokea sana kwa sababu shingo ya kujazia ni ndefu na mvuke hupoa humo. Futa, kisha tazama oili ya kwenye kijiti. Kama nayo ina rangi ya maziwa, hapo maji yameingia kwenye oili na safari imeisha.

Fungua kifuniko cha maji, injini ikiwa baridi kabisa. Maji yawe na rangi ya kulanti halisi (kimiminika maalumu cha kupozea injini), si maji ya bomba yenye kutu. Minya hozi ya juu ya rejeta. Ikiwa ngumu kama imejaa hewa ilhali gari limelala usiku mzima, kuna gesi ya moto inayopenya kwenye mfumo wa maji kupitia sili za maji kati ya makasha. Hilo nalo ni la kufumua injini. Vilevile kagua vichwa vya plastiki vya rejeta, hasa kwenye maungio. Hupasuka kwa uzee, na gari hili halisamehi hata kuchemsha mara moja.

Sasa washa bila kukanyaga mafuta. Injini nzima hushika ndani ya sekunde moja au mbili, mizunguko hupanda juu kwa muda mfupi, na utasikia mvumo wa pampu ya hewa unaofanana na mashine ya kufyonza vumbi. Huo ni wa kawaida. Moshi mweupe mwepesi unaopotea baada ya dakika moja ni mvuke tu. Moshi wa buluu unaoendelea ni oili inayopita kwenye sili za oili za rota. Moshi mweupe mzito wenye harufu tamu ni kulanti.

Jambo moja ambalo wauzaji wengi wenyewe hawalijui: ukiwasha RX-8 ikiwa baridi usiizime baada ya sekunde chache, hata kama ni kulisogeza gari mita tano. Petroli nyingi ya kuwashia huosha oili kwenye kuta za makasha, mgandamizo hushuka, na injini hulowa isiwake tena. Kwa hiyo ikishawaka, iache ipate joto kamili. Tumia dakika hizo kuzunguka gari.

Hatua ya 3: Mashine ya kusoma hitilafu

Chomeka skana wakati injini inapata joto. Unatafuta vitu vitatu.

Cha kwanza ni kodi zilizohifadhiwa, yaani namba za hitilafu ambazo kompyuta ya gari imezirekodi. P0301 ni hitilafu ya uchomaji kwenye rota ya mbele, P0302 ya nyuma, P0300 zote kwa kubahatisha. P0420 ni katalitiki iliyochoka, yaani kisafisha moshi kilicho kwenye ekzosti. Zikionekana pamoja, zinakuhadithia kisa kizima: koili zimechoka, petroli isiyoungua imeingia kwenye ekzosti, imeungulia ndani ya katalitiki na kuiyeyusha, katalitiki imeziba, na joto limerudi nyuma kwenye injini. Koili nne zilizopuuzwa huua injini nzima kwa mpangilio huo huo, na kwa maoni yetu ndicho chanzo cha RX-8 nyingi zilizolala kwenye nyua za gereji.

Cha pili, angalia kama majaribio ya ndani ya kompyuta yamekamilika. Skana karibu zote huonyesha. Yakiwa mengi hayajakamilika, mtu alifuta kodi jana au leo asubuhi.

Cha tatu ni joto halisi la maji. Usiamini sindano ya dashibodi. Imetengenezwa ikae katikati kwenye upana mkubwa wa joto, na hubaki palepale hata joto likipita nyuzi 100. Ikianza kupanda, madhara yameshaanza. Kwenye skana, gari likitembea, tarajia kati ya nyuzi 82 na 95 hivi. Acha skana ikiwa imechomekwa wakati wa kuendesha. Kipimo cha mgandamizo wa oili cha dashibodi kwenye awamu ya kwanza nacho ni kama swichi tu: husema upo au haupo, hakipimi kiasi.

Taa ya maji kidogo ikiwaka ilhali maji yamejaa, mara nyingi ni kihisio ndani ya tangi la maji kilichokufa. Ni hitilafu inayojulikana na si kubwa, lakini mtu aliyezoea taa hiyo kuwaka hataona siku maji yatakapoisha kweli. Punguza bei kwa ajili yake.

Hatua ya 4: Barabarani

Endesha kwa dakika 20 hadi 30, zikiwemo dakika kumi za foleni. Foleni ndiyo itakayokuonyesha kama feni zinafanya kazi.

Joto likishakamilika, chagua barabara iliyo wazi na ndani ya kasi inayoruhusiwa, weka gia ya pili, kanyaga kutoka mizunguko 2,500. Injini ya milango sita hufungua njia za ziada za hewa kwa awamu: ya kwanza karibu 3,750, ya pili karibu 6,250, ya mwisho karibu 7,250. Usisubiri mshtuko, unachotaka ni mvuto unaoendelea bila kufifia. Gari likiwa zito kuanzia 6,000 kwenda juu, vilango vya njia hizo vimeganda kwa kaboni, jambo la kawaida kwa magari yaliyoendeshwa polepole maisha yao yote. Likikohoa na kutetemeka ukikanyaga sana, fikiria koili na plagi kwanza. Likikataa kupanda kabisa kama limezibwa pumzi, fikiria katalitiki. Taa ya injini ikianza kumeta, ondoa mguu na urudi taratibu; maana yake petroli isiyoungua inaichoma katalitiki dakika hiyo hiyo.

Giaboksi ya mkono: sikiliza msagiko unapoingiza gia ya pili na ya tatu kwa haraka. Pedali ya klachi ikilia au ikiyumba pembeni, chungulia kishikio chake chini ya dashibodi. Maungio yake yaliyochomelewa hupasuka na siku moja pedali inalala sakafuni. Usukani ukiwa mzito ghafla kisha ukarudi, ni viunganishi vya umeme vya usukani vilivyoshika kutu.

Hatua ya 5: Kuwasha injini ikiwa moto

Kama huna muda wala pesa ya kingine, fanya hili. Mara baada ya kurudi, zima injini. Ngoja dakika 5 hadi 10. Usiongee na muuzaji kuhusu bei wakati huo, weka saa. Kisha washa bila kukanyaga mafuta.

Injini nzima hushika ndani ya sekunde mbili hivi. Ikihitaji sekunde nne, tano, au ukalazimika kukanyaga mafuta ndipo ishike, mgandamizo umeshuka. Oili ikiwa moto huwa nyepesi na haizibi tena mapengo ya sili, ndiyo maana injini iliyochoka huwaka vizuri asubuhi na kugoma mchana kwenye kituo cha mafuta. Ndiyo maana pia muuzaji mjanja hukupokea injini ikiwa inaunguruma tayari na hataki kuizima.

Tahadhari moja: stata yenye nguvu na betri mpya hufunika udhaifu huu. Magari ya mwanzo yalikuja na stata isiyo na kasi kubwa, na wengi wamefunga ya nguvu zaidi. Ni marekebisho mazuri kwa gari zima, lakini kwa gari bovu humpa muuzaji miezi michache zaidi. Kwa hiyo kufaulu hapa hakutoshi.

Hatua ya 6: Kipimo cha mgandamizo

Geji ya kawaida ya injini za pistoni haifai. Ina kivalvu kwenye mdomo wa hozi kinachoshikilia shinikizo kubwa kuliko yote. Kwenye rota itakuonyesha uso bora kati ya mitatu na kuificha mibovu miwili. Unahitaji kipimo cha rota chenye kihisio cha umeme, kinachosoma nyuso tatu mbalimbali pamoja na kasi ambayo stata inazungusha injini. Gereji zinazomiliki chombo hiki Afrika Mashariki ni chache, hivyo uliza hivi kabla ya kuweka miadi: "Mtanipa karatasi yenye namba sita na mizunguko?" Anayejibu kwamba atakupa namba mbili hana chombo chenyewe.

Masharti ya kipimo, na simama hapo uyaone yakitimizwa:

Injini iwe moto, moja kwa moja kutoka barabarani. Betri iwe imejaa, ikiwezekana na chaja imeunganishwa. Petroli na moto vikatwe: fyuzi au rilei ya pampu ya mafuta itolewe na koili zichomolewe. Bila hivyo petroli itaosha oili, namba zitashuka kwa uongo, na cheche karibu na tundu lenye mvuke wa petroli ni moto wa kweli. Plagi moja ya rota inayopimwa itolewe na kihisio kifungwe mahali pake. Pedali ya mafuta ikanyagwe hadi mwisho ili hewa iingie bila kizuizi. Stata ipigwe sekunde 5 hadi 10. Andika namba tatu na mizunguko. Rudia mara ya pili kwenye rota hiyo hiyo, kisha hamia ya pili.

Plagi zikiwa nje, zitazame. Za chini na za juu si aina moja: kwenye awamu ya kwanza za chini ni NGK RE7C-L na za juu ni RE9B-T. Ukikuta zimebadilishana nafasi, au zote nne ni za aina moja, fundi wa gari hili hakulijua. Plagi huishi kilomita 40,000 hadi 50,000. Fundi mwenye kamera ndogo aipitishe kwenye tundu: ukuta wa kasha uwe laini na wa kung'aa, bila mikwaruzo mirefu wala ganda la kromu lililobanduka.

Usikubali karatasi ya kipimo kilichofanyika kabla hujafika. Oili kidogo ikimiminwa kwenye tundu la plagi huziba mapengo na kupandisha namba kwa muda, na ushahidi wake pekee ni wingu la moshi injini ikiwashwa.

Kama chombo hakipatikani kabisa, toa au bonyeza kivalvu cha geji ya kawaida ili sindano icheze huru, piga stata, na urekodi video ya mwendo wa polepole. Mipigo inatakiwa iwe sawa, kama mara nne kwa sekunde. Kila mpigo wa tatu ukiwa hafifu, au kati ya kila mitatu miwili ni hafifu, sili imekwisha. Njia hii hukuambia gari bovu. Haiwezi kukuthibitishia gari zima.

Hatua ya 7: Kuzisoma namba

Mazda huweka kiwango kwa mizunguko 250 kwa dakika: injini mpya kPa 830 (psi 120), cha chini kabisa kPa 680 (psi 98.6). Tofauti kati ya nyuso za rota moja isizidi kPa 150, na kati ya rota mbili isizidi kPa 100. Stata ikizungusha kwa kasi zaidi ya 250 namba hupanda, ikizungusha polepole hushuka, kwa hiyo karatasi isiyo na mizunguko haina thamani. Vyombo vizuri hurekebisha vyenyewe hadi 250.

Sasa linakuja jambo ambalo limewafanya watu wengi wa nyanda za juu wakatae magari mazima, na wa pwani wanunue mabovu. Viwango hivyo ni vya usawa wa bahari. Nairobi, kwenye mita kama 1,700, hewa ni nyepesi na mgandamizo hupungua kwa uwiano huo huo. Gawanya namba uliyoipata kwa kigezo cha mahali: Mombasa na Dar es Salaam 1.00, Kampala kama 0.87, Arusha 0.85, Kigali 0.83, Nairobi 0.82, Eldoret 0.78. Maana yake injini mpya kabisa husoma kama kPa 680 ikiwa Nairobi, namba ambayo Mombasa ingekuwa mpakani. Uliza kama chombo kimeshafanya marekebisho hayo, usije ukarekebisha mara mbili.

Chukua mfano wa hesabu. Nairobi, mizunguko 250, chombo hakirekebishi urefu. Rota ya mbele: 640, 630, 645. Ya nyuma: 620, 540, 545. Ukigawanya kwa 0.82, ya mbele inakuwa 780, 768, 787, na hiyo ni afya nzuri. Ya nyuma inakuwa 756, 659, 665. Tofauti ndani ya rota ya nyuma haifiki 150, na wastani wa rota mbili haujatofautiana kwa 100. Mtu anayetazama tofauti peke yake angeipitisha. Lakini nyuso mbili ziko chini ya 680, na nyuso mbili dhaifu za rota moja daima zinashiriki sili moja ya ncha katikati yao. Sili hiyo ndiyo inayokufa.

Uso mmoja tu ukiwa chini huku wawili wakiwa juu, shuku sili ya ubavu au ya kona upande huo. Zote tatu zikiwa chini kwa usawa, rota nzima imechakaa au kasha limelika. Zote sita zikiwa chini kwa usawa, hakikisha kwanza betri, mizunguko na urefu wa mahali kabla ya kuihukumu injini.

Kwa namba zilizorekebishwa, sisi tungenunua bila wasiwasi injini yenye nyuso zote sita kuanzia 750 kwenda juu. Kati ya 680 na 750 injini bado inafanya kazi, ila inunue kana kwamba kufumuliwa kwake kumeshapangwa. Chini ya 680 kwenye uso wowote, lipia bodi, viti na magurudumu peke yake.

Hatua ya 8: Chini ya gari

Linyanyue kwa jeki ya gereji. Kutu huanzia kwenye matao ya magurudumu ya nyuma na kingo za chini ya milango. Magari yaliyoishi Mombasa, Tanga au Zanzibar, na yale ya sehemu za theluji za Japani ambako barabara humwagiwa chumvi, yakaguliwe kwa bisibisi, si kwa macho. Tikisa boljointi za mbele, tazama shokapu zinazovuja na mauntingi za injini zilizopasuka. Gonga katalitiki kwa kiganja ikiwa baridi: ikichakachika ndani, imevunjika. Ikiwa imeondolewa na bomba tupu limewekwa, uliza kwa nini, na uulize koili zilikuwa na umri gani wakati huo.

Linganisha namba ya injini na kadi ya usajili, na hakikisha ujazo ulioandikwa ni cc 1,308 au karibu yake. Baadhi ya RX-8 zimefungwa injini za pistoni baada ya ile ya rota kufa, na kadi haikubadilishwa.

Hatua ya 9: Bei

Kabla ya mazungumzo uwe na makadirio ya maandishi ya kufumua injini kutoka kwa fundi wa rota, pamoja na bei ya koili nne, plagi nne na katalitiki. Namba zikiwa nzuri, ondoa koili na plagi tu kama hazina risiti. Zikiwa za mpakani, ondoa gharama nzima ya kufumua. Kama kipimo hakikufanyika kwa sababu yoyote ile, hata ya kueleweka, hesabu injini kuwa imekufa na utoe bei ya gari lisilo na injini. Muuzaji mwenye gari zima ana njia rahisi ya kukupinga, nayo ni kukubali kipimo.

Siku ya kulichukua, rudia jaribio la kuwasha injini ikiwa moto kabla pesa hazijatoka mkononi, kwa sababu wiki mbili za kungoja karatasi zinatosha kwa gari kukopeshwa rafiki na kuchemshwa. Pima oili tena papo hapo, na ubebe lita moja ya ziada kwenye buti kwa safari ya kurudi nyumbani.